Gugu la maua meupe lilivyotaka kumfukuzisha jirani yangu mkiani mwa mfereji, Malolo

Wakuu, habari za humu. Wakubwa zangu shikamooni, wadogo mtaniamkia wenyewe.

Mimi ni mama wa Mikumi, nalima vitunguu Malolo. Huu uzi si chai. Wanaonijua humu wanajua nikisema nimeona, basi nimeona, na nikikasirika hata kibodi inajua. Leo sijakasirika. Nina furaha, kwa hiyo mnivumilie nikirukaruka.

Kwa wasiopajua Malolo: mvua ya kule ni ya kubahatisha, tunalima kwa maji ya mfereji. Mfereji ni mmoja, unaanzia mtoni huko juu, unapita kwenye majaruba (vitalu vyenye kingo) ya watu mmoja mmoja mpaka mkiani. Maji ni kwa zamu. Ukikosa zamu wakati kitunguu kinajaza, umekwisha. Hata ufunge na kuomba.

Sasa kuna gugu likaingia.

Maua yake meupe, madogo madogo, yamejikusanya juu kama koliflawa. Mwanzoni tulilipenda! Mimi nilichuma nikaweka mezani, mume wangu akauliza leo tuna mgeni gani. Ukitafuna jani lake linawasha mpaka puani. Bibi shamba wetu alituambia ni jamii ya haradali, ndugu zake kabichi na chainizi. Nikasema ndugu hawafanani jamani, mmoja anakulisha na mwingine anakufukarisha.

Maana hili halifi. Unalima, linakaa kimya, ukishalisahau linarudi na wenzake. Mzizi wake umeshuka chini huko, na ukiukata kwa jembe kila kipande kinaota kivyake. Kitunguu kikibanana nalo kinabaki kama gololi.

Mkiani kabisa analima Mzee Nkwabi na mkewe, Mama Holo. Ni Wasukuma, walikuja na ng'ombe wao miaka mingi iliyopita, wakakodi shamba, wakajenga, watoto wao wamesoma hapo hapo. Mama Holo ni shoga yangu. Zamu yetu ya maji huwa siku moja, tunashinda wote shambani. Mimi naongea, yeye anacheka. Ndivyo tulivyogawana.

Kwenye shamba lao ndiko gugu lilikojaa kuliko kote. Jeupeee!

Basi watu wakaunganisha wenyewe. Mwenye ng'ombe ni nani? Nkwabi. Ng'ombe wanakula wapi? Porini. Mavi yanamwagwa wapi? Shambani. Kesi imeisha, hakimu arudi nyumbani.

Mwenyekiti wetu wa mfereji akatangaza kwamba Nkwabi afungiwe lango la maji, na siku ya usafi wa mfereji tukae kikao kuamua kama aondoke kabisa. Vitunguu vyao ndiyo kwanza vilikuwa vinajaza, wakuu! Nilimkuta Mama Holo anabeba maji ya kisima kwa ndoo, anamwagia jaruba moja moja. Roho iliniuma. Nikaenda kwa mwenyekiti nikamwambia maneno ambayo mods wa humu wangeyafuta. Hayakusaidia kitu.

Siku ya usafi ikafika.

Utaratibu wetu tangu enzi ni kwamba kila mtu ana kipande chake cha mfereji. Maji tunayapunguza tu, hatuyafungi. Unaingia na jembe na panga, unafyeka, unang'oa, unakwangua tope, na takataka zote unatupia humo humo majini. "Maji yatabeba." Kila mtu anasema hivyo. Hakuna aliyewahi kuuliza yanabeba kumpelekea nani.

Kipande changu kiko karibu na mkiani. Niko ndani ya maji, kanga nimeikaza kiunoni, naona ua jeupe linapita. Nikaliangalia. Likapita lingine, na mzizi wake chini. Halafu likaja fungu zima, limetoka kufyekwa muda huo huo, linaelea taratibu kuelekea kwa Nkwabi.

Weweee!

Nilipiga kelele mpaka wa kipande cha jirani akadhani nyoka. Nikatoka majini, nikawasha kamera ya simu, nikaanza kukimbia ukingoni nalifuata lile fungu. Peku! Nateleza, naanguka, nainuka, narekodi, nacheka peke yangu kama mwehu.

Likaenda mpaka kwenye lango la Nkwabi, ule ubao waliomfungia. Na pale kuna nini? Rundo! Maua, mizizi, vipande vilivyokatwa na majembe ya watu wote wa juu, vimejibana kwenye ubao vinasubiri. Misimu yote lango likiwa wazi, vilikuwa vinaingia moja kwa moja na maji mpaka kwenye majaruba ya huyu baba. Sisi tunasafisha, yeye anapandiwa.

Kikao kilikuwa kinafanyika pale pale mkiani, kwa sababu ndiko usafi unakoishia na ndiko wali wa pamoja unakopikwa. Mwenyekiti akasimama kufungua. Sikungoja zamu.

"Shikamoo mwenyekiti. Kabla hujasema lolote, njoo uone."

"Marahaba. Mama Rehema, kaa. Utasema kwenye mengineyo."

"Sikai! Mengineyo ndiyo haya, yameziba lango!"

Watu wakacheka, lakini wakaja. Nikawaonyesha rundo, nikawaonyesha na video, na wakati tunaangalia fungu lingine likafika laivu mbele ya macho yao. Kukawa na minong'ono. Mwenyekiti akakuna kidevu.

"Sawa, yanaletwa na maji," akasema. "Lakini mbegu ya kwanza imetoka wapi kama si kwenye mavi ya ng'ombe?"

Wakuu, nilifungua mdomo nimjibu. Nikawahiwa.

Mama Holo, ambaye siku zote huwa anacheka tu, ndiye aliyejibu. "Mavi yapo nyuma ya nyumba. Maji ya mfereji hayafiki kule, kinachoota kimetoka kwenye mavi yenyewe. Twendeni mkaangalie."

Tukaenda wote. Samadi ya miaka na miaka, imerundikana pembeni ya zizi, na juu yake mchicha umeota, maboga yametambaa, nyasi za kila aina. Watu wakainama, wakapekua kwa fimbo. Jeupe hakuna hata moja! Hata la dawa!

Nilitaka kushangilia. Nikaona Mzee Nkwabi amesimama pembeni na kofia mkononi, haangalii samadi, anaangalia nyuso za watu. Nikashusha mikono.

Mwenyekiti hakuhutubia. Alirudi langoni, akaingia majini na suruali yake, akaanza kutoa yale magugu kwa mikono na kuyatupa nchi kavu. Tukamsaidia. Kisha akanyanyua ubao. Maji yakaingia kwa Nkwabi, jaruba la kwanza, la pili, udongo unayanywa unatoa mapovu. Nililia, sikujificha.

Mnadhani nilitosheka? Damu ilikuwa inachemka. Nikapaza sauti, "Sasa twende juu! Tufuate mfereji mpaka tumpate aliyelianzisha!" Vijana wawili watatu wakachukua mapanga, tayari kwa safari.

Mama Holo akanishika mkono.

"Shoga, mimi ndiyo kwanza nimetoka kwenye kiti cha mshtakiwa. Unataka kumkalisha nani?"

Nikawaambia vijana waweke mapanga chini. Tukaenda kula wali.

Siku hizi hakuna anayetupa kitu majini. Tunachimba mizizi yote, tunaanika juu ya mwamba mpaka ikauke, tunachoma. Gugu bado lipo, nisiwadanganye, lakini linapungua. Lilianzia kwa nani hatujui.

Nilichojifunza: ukiona mtu uchafu umemjaa, usikimbilie kusema ni wake. Angalia kwanza kama anaishi mkiani.

Haya, uwanja wenu. Wa Dumila, Munisagara, na wengine mnaolima kwa mfereji, takataka zenu mnapeleka wapi? Na anayejua dawa ya mzizi wa hili gugu aseme, nasoma komenti zote. Wa kunitukana pia karibuni, vitunguu nimeshavuna na muda wa kujibu ninao.