Nilifunga mota ya mashine ya vifaranga kwa jiko la baba mkwe, wiki ya ngurario yangu

Wakuu, habari za huku. Leo sina swali wala link ya kuuza, nina kisa tu. Kilinipata mimi mwenyewe, na kama nitatia chumvi mahali, mke wangu husoma humu. Atanirekebisha hapo chini.

Ilikuwa miaka ya tisini, Ruiru, upande wa Gatongora. Enzi za kupanga foleni kwa kibanda cha simu na sarafu mkononi.

Kwa wasio wa kwetu, ngurario ni nini? Kwa Wakikuyu unaweza kupeleka mahari mpaka uchoke, lakini siku ya ngurario ndiyo inayomaliza maneno. Bega la mbuzi, tunaliita kiande, linachomwa zima bila kuvunjwa mfupa. Bwana harusi analikata mbele ya wazee wa pande zote mbili na kumpa bibi harusi. Kabla ya hapo wewe ni mgeni tu pale nyumbani kwao, hata muwe mnajuana vipi.

Na kuchoma ni kazi ya wanaume. Mwanamke hasogei karibu na nyama hiyo mpaka apewe. Shikeni hilo, litarudi.

Yetu ilikuwa imeahirishwa mara mbili. Kwanza matanga kwao, halafu matanga kwetu. Guka yake Wambui, yaani babu mzaa baba wa huyu mke wangu, ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo, na alimwambia baba yangu wazi kwamba ya tatu ikiharibika, yeye atajua hii ndoa haitakiwi na hatakaa kikao kingine.

Mzee huyo hakuwa na utani, isipokuwa kwa Wambui. Wambui alipewa jina la marehemu mke wake, kwa hiyo alimwita "bibi yangu", kama mila inavyotaka. Kumchukua "bibi" wa Guka si mchezo, wakuu. Nilikuwa nampenda huyo msichana na nilikuwa naogopa, vyote kwa pamoja, kila siku.

Sasa tuje kwa jiko.

Baba mkwe alikuwa mekanika katika shamba moja la kahawa. Meneja mzungu aliporudi kwao alimwachia jiko lake la kuchomea nyama, la Amerika. Halikutumia makaa. Lilikula pellets, yaani vumbi la mbao lililoshindiliwa likawa vipande vidogo, ungedhani ni chakula cha sungura. Ubavuni lina sanduku la kuzimimina. Chini ya sanduku kuna chuma kirefu kama parafujo kubwa, kinachozungushwa na mota ndogo polepole sana, kinasukuma pellets kidogo kidogo hadi motoni. Feni inapuliza. Wewe kazi yako ni kunusa.

Pellets za mzungu zilipoisha, mzee hakukubali kushindwa. Alipeleka vumbi la mbao kwa jamaa mwenye mashine ya chakula cha ng'ombe, akashindiliwa zake. Zilitoka ngumu na nene kuliko zile za kwanza. Jiko lilizila kwa taabu, na mimi naamini hizo ndizo zilizomaliza mota.

Jumatatu ya wiki ya sherehe akaniita. Mimi nilikuwa fundi wa stima katika kiwanda cha nguo Thika.

"Kijana, hii kitu inalia," akasema.

Nikafungua. "Ni mota, Baba. Meno ya gia imeisha."

"Basi weka ingine."

Nikamuuliza kwa adabu zote kwa nini tusichome kwa makaa kama watu wengine.

"Nimeambia kila mtu kiande ya Wambui itachomwa na mashine. Sasa niwaambie nini? Ati fundi mwenye anakuja kumuoa ameshindwa na mota?"

Hapo nilielewa kwamba nimefungwa mimi na lile jiko kamba moja.

Nilizunguka maduka yote ya vipuri Thika. Mota ya wiper ya gari ilikuwa na nguvu, lakini ina mbio, ingemwaga gunia zima motoni mara moja. Ya redio haina nguvu hata ya kusukuma mchele. Fundi wa friji alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama nimekula. Nilikuwa sijala. Chakula kilikataa kushuka wiki hiyo.

Nikarudi nyumbani kwa mama nikiwa nimekata tamaa. Mama alikuwa anaangua vifaranga kwa mashine, kile kisanduku cha kutia mayai joto, na ndani yake kulikuwa na mota ya kugeuza trei za mayai. Nilikuwa nimekaa karibu nayo nikijihurumia, ndipo nikaitazama. Ilizunguka polepole mpaka ukadhani imesimama, na ilibeba trei zilizojaa bila kulalamika.

"Mami, naomba hii mota mpaka Jumapili."

"Na mayai yangu?"

"Utageuza na mkono."

"Nigeuze mayai na mkono wiki mzima ndio wewe upate bibi?"

"Eeh."

Alinitazama, akaenda kunitafutia bisibisi.

Kuifunga haikuwa rahisi. Shafti hazikulingana, nikaziunganisha kwa kipande cha bomba na bolti. Kubwa zaidi, jiko la mzungu lilitumia stima ndogo ya kwao kupitia transfoma, na mota ya mama ilikuwa ya stima yetu ya kawaida. Kwa hiyo sikuweza kuipitisha kwa kile kifaa kinachopima joto la jiko na kuamua lini mota izunguke. Nikaivutia waya wake na swichi yake. Maana yake ni kwamba lazima mtu akae pale, awashe, azime, awashe, azime. Ukizidisha, moto unaruka na nyama inakuwa mkaa. Ukichelewa, moto unakufa.

Wambui aliniletea chai nikiwa najaribu na kipande cha nyama ya ng'ombe. Akasimama, akauliza unajuaje wakati wa kuwasha.

"Ni kama kulisha mtoto uji," nikamwambia. "Akimeza ndio unaongeza."

Nikamwonyesha pia kwamba pellets zikikwama, unashika ncha ya shafti kwa spana na kuisukuma kwa mkono. Alitazama sana, akachukua kikombe akaenda. Mtu mwingine niliyemfundisha ni binamu yangu Njoroge, best man wangu, ndiye angekaa na swichi siku yenyewe.

Siku ikafika, na mvua. Mimi nimekaa kwenye hema kati ya wazee, suti imenibana, macho kwa wageni na masikio nyuma ya jikoni, Njoroge alikokaa na lile jiko. Kipaza sauti kilikuwa kinacheza kanda za nyimbo za kanisa. Nilikuwa natabasamu mpaka mashavu yakauma.

Halafu kanda ikafa katikati ya wimbo.

Watu walisema tu "aaa, stima", wakaendelea na soda zao. Mimi nikaanza kuhesabu. Stima ikienda, mota imekwenda, feni imekwenda, na kiande kiko ndani kikiwa nusu. Njoroge akatokea pembeni ya hema, akanifungulia mikono kama mtu anayeuliza sasa?

Nikataka kuinuka. Baba akanishika goti. "Kaa chini. Wanaleta wasichana."

Wakaja, wamefunikwa leso kutoka kichwani hadi miguuni, huwezi kujua nani ni nani. Hapo bwana harusi anatakiwa amtambue wake, na akikosea ni aibu na faini. Tata yake Wambui, yaani shangazi, alisimama mbele yangu akicheka. "Haya, muthoni," akaniita, yaani mkwe. "Chagua."

Sikuwa nawaona. Nilikuwa natazama juu ya vichwa vyao, nyuma ya jikoni, nikitafuta moshi nijue kama moto umekufa.

Moshi ulikuwepo. Mwembamba, mweupe, haukatiki.

Nikamtazama Njoroge. Alikuwa bado pale pembeni ya hema, mikono mitupu. Sasa nani analisha jiko? Niliowafundisha ni wawili tu.

"Hayuko hapa," nikasema.

Akina mama wakapiga vigelegele. Kumbe walikuwa wamemficha makusudi kwenye stoo nyuma ya jikoni, hatua chache kutoka kwa lile jiko, ili nikosee. Tata akafurahi, akasema anaenda kumleta. Kama atamkuta bibi harusi kwa nyama, siku hiyohiyo, kabla hajapewa, nani atamweleza Guka?

Tata alikaa huko muda mrefu. Njoroge naye nikamwona anakwenda nyuma haraka.

Wambui alipotokea alikuwa amejifunika leso mpaka kidevuni, mikono ndani. Tata alikuwa hacheki tena. Nyuma yao Njoroge amebeba kiande kwenye sinia.

Guka akakibonyeza kwa kidole gumba. Akachungulia mfupa. Kilikuwa kizima, kimeiva, kimekauka vizuri kwa nje. Akanipa kisu.

Nikakata. Sasa lazima apokee kwa mkono wake mwenyewe. Hakuna njia nyingine.

Akautoa. Ulikuwa mweusi kwa masizi hadi kwenye kifundo, na kidole gumba kimevimba pale spana ya moto ilipomchoma.

Guka akautazama huo mkono. Akageuka akatazama mikono ya Njoroge, misafi kama ya karani.

"Nani amechoma hii nyama?"

Baba mkwe ndiye alijibu, kwa sauti ndogo. "Ni mashine, Baba."

Guka hakumwangalia. Alitoa leso ya mfukoni, akaushika mkono wa Wambui, akaufuta kidole kimoja kimoja, na kwenye kile kilichoungua akapita polepole.

"Bibi yangu pia alikuwa hivi," akasema. Kisha akanigeukia. "Mpe, kijana. Nyama inapoa."

Wakuu, hapo ndipo nilipooa.

Mota ilirudi kwa mama Jumapili, na mayai yalianguliwa vizuri, ingawa mpaka leo ananikumbusha mgongo wake.

Nilichojifunza? Ukifunga mota isiyo ya jiko lako, weka makaa tayari pembeni, usiwe na kiburi cha baba mkwe. Na wiki nzima ile nilikuwa naogopa kumpoteza Wambui, kumbe mwenzangu alikuwa anaogopa hivyohivyo, ila yeye aliinuka.

Amesoma hii kabla sijaiweka. Amesema sijatia chumvi, kisha akanionyesha kidole gumba. Kovu bado liko.

Haya, wale ambao kiande chao kiliungua ama kilitoka kibichi mbele ya wazee, semeni mlijiokoa vipi.