Tope Hutolewa Pande Zote Mbili

Mafuriko yalipopungua, nyumba ya mama pale Kisanga ilikuwa imezama kwenye tope hadi karibu na madirisha, ndani na nje. Mama alikuwa amehifadhiwa kwa jirani aliyejenga mwinukoni, na kila aliyekwenda kumjulia hali, mama alimuuliza jambo moja tu: atarudi lini kulala kwake?

Nieleze taratibu, maana huenda nawe siku moja ukalazimika kushika beleshi. Nyumba ya tofali mbichi haibomolewi na maji peke yake. Wengi huibomoa wenyewe wakati wa kuiokoa. Tope la ndani na la nje yanasukumana, ukuta uko katikati. Ukilitoa lote la ndani kwanza, la nje linabaki kusukuma peke yake, na ukuta uliolowa unakuangukia. Kwa hiyo mmoja achimbe ndani, mwingine nje, mshuke pamoja. Hata kama hujawahi, utaweza.

Kaka yangu mkubwa anayajua hayo tangu utotoni. Lakini nilimkuta ndani peke yake, tope la chumbani limebaki la kufika vifundoni, anachimbua makochi yake aliyoyahifadhi kwa mama. Ukuta wa nyuma ulikuwa umeanza kupasuka.

"Toka," nilimwambia.

"Bado kochi moja."

"Mama akalale kwenye kochi lako, bila nyumba?"

Wakati huo jirani yetu mwingine, mfugaji, akafika, beleshi begani. Mama alikuwa uani, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

Kaka akachungulia dirishani. "Ng'ombe wako umewaacha wapi? Bado wanachimba tuta la mto?"

"Walipita pale, sikatai," mfugaji akasema. "Ila sijawahi kuona ng'ombe akipanda bamia."

Wote wawili walisema kweli, na hapo ndipo hasira iliponipanda. Lile tuta la mto ndilo lililokuwa likitukinga. Mifugo ilikata njia ya kushukia majini, kaka naye akalima bamia ubavuni mwa tuta kwa sababu udongo ni laini na maji yapo karibu. Masika yalipokuja, mto ukapita palepale. Sasa watu wazima wanakaa barazani wakisema ni mipango ya Mungu. Mungu hakushika jembe.

Tuliutegemeza ukuta kwa nguzo mbili kwa ndani. Nikampa kaka kazi ya kuzishikilia, mfugaji achimbe nje mpaka pawe sawa na ndani.

"Mtu mzima mimi, unanifanya mlinzi wa nguzo?"

"Ndiyo. Zishike."

Mfugaji alichimba hadi shati likamganda mgongoni. Pande zote zilipolingana, ukuta ulikuwa umeinama kidogo, lakini umesimama.

Mama akaupapasa ule ufa kwa kiganja. "Nitalala hapa," akasema. Kisha akawageukia wale wawili. "Na mto ukirudi?"

Mfugaji akakwangua tope kwenye beleshi lake.

"Tutaangalia, mama," kaka akajibu.

Sikutaka kusikia habari za kuangalia. Nilichukua beleshi, nikashika njia ya kwenda kwenye tuta. Njiani nilipishana na wazee wawili wakitoka barazani, nikawapita bila kuwaamkia.