Wendeli Watatu na Mdomo wa Mfaume

Mfaume alikuwa fundi cherehani wa Kanyenye, mjini Tabora, ambaye hakuweza kumaliza mshono mmoja bila kusimama. Alishona nusu ya mkono wa kanzu, akainuka, akachungulia barabarani, akarudi akiuliza mkasi uko wapi. Mkewe Mwanne alisema ameolewa na miguu, mwili utafika baadaye.

Mahali pekee ambapo mahangaiko yale yalimfaa palikuwa ukumbi wa sinema wa Bwana Soud, alikofasiri picha. Alisimama kando ya kitambaa cheupe akaigiza sauti za wote waliomo, kwa Kiswahili. Tena hakungoja. Neno alilisema kabla aliye pichani hajafungua kinywa, hata watu wakaona kama yeye ndiye anayewatuma walio pichani.

Tangu Uhuru, Tabora ilikuwa imemwona Inspekta Wendeli mara mbili. Kisa kilikuwa kilekile, cha kitabu cha zamani cha Waingereza: tajiri mwenye kinu analishwa sumu nyumbani kwake, na Wendeli anaitwa kumtafuta muuaji. Wendeli wa kwanza, wa picha isiyo na rangi, alikuwa mwembamba, hacheki, anatazama viatu vya mtu kabla ya uso. Wa pili alitoka Bombay. Huyo alikuwa na mama, alilia makaburini, na mvua iliponyesha aliimba. Barazani wazee walimshikilia mwembamba. Mpelelezi anayeimba, walisema, mwizi atamsikia toka mbali. Wanawake walimtaka wa Bombay, maana asiye na mama atajuaje uchungu wa mfiwa? Mfaume alisema wote ni mmoja, ila wa pili kala pilipili. Na katika picha zote mbili muuaji alikuwa daktari.

Mwaka wa pili baada ya Azimio la Arusha, Bwana Soud alipata picha ya tatu, ya rangi. Kwa kawaida picha ilifika kwa treni Ijumaa, na kesho yake asubuhi Mfaume aliitazama kwanza ukumbi ukiwa mtupu. Safari hii mvua ilibomoa tuta la reli karibu na Tura. Kasha la mikanda likafika Jumapili mchana, kina mama wameshakaa kwa onyesho lao la saa nane.

"Hujaiona, Fundi," alisema Bwana Soud. "Tuwaombe radhi."

"Kisa cha Wendeli? Nakijua kama njia ya msalani."

"Haya. Lakini ukiniharibia leo, basi. Mwanza hawana mfasiri, na ukumbi wao hujaa."

Wendeli wa tatu alikuwa mnene, mwenye macho ya usingizi, kila chumba anaingia anatafuna. Mfaume hakumpenda, hakuona sauti ya kumpa. Kwa hiyo daktari alipotokea na mkoba wake, alimrukia.

"Mtazameni! Dawa ndani, sumu ndani. Ndiye huyo!"

"Mnyonyaji mkubwa!" sauti ikajibu kutoka nyuma.

Mjane wa tajiri alipolia, Mfaume alimlilia kwa sauti nyembamba hadi watu wakajifuta machozi kwa ncha za baibui. Alikwenda huku, akarudi kule. Kisha, bila onyo, daktari akaonekana amelala ngazini, kisu mgongoni.

"Fundi, daktari wako kafa!" Aliyesema ni Bi Kuluthumu, muuza vitumbua, mtu mzima wa mstari wa mbele.

"Amezimia, mama. Ni hila."

Picha ikahamia makaburini. Jeneza likateremshwa.

"Na hila yake wanamzika nayo?"

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Mfaume alizidi kutembea, kivuli chake kikapanda juu ya kitambaa.

"Kaa chini, unamfunika marehemu!"

Angeweza kuendelea. Mle ndani wajuao Kiingereza walikuwa wachache, na kila neno lilipitia kwake. Alikwisha kuanza kumbunia daktari pacha, wakati Wendeli alipofuta vidole, akamimina kwenye glasi kinywaji kutoka chupa ya yule tajiri, akaisukuma mbele ya mjane. Mjane hakuigusa. Macho yote yakageukia kwa Mfaume.

"Mwanangu," alisema Bi Kuluthumu taratibu, "anamwambia nini?"

Pacha alikuwa tayari ulimini.

"Sikumsikiliza, mama. Nilikuwa nasema mimi. Picha hii sijaiona."

Akachuchumaa sakafuni.

"Anywe basi!" alisema mmoja.

"Hanywi! Tazama mkono!"

"Kumbe ni yeye! Na machozi yote yale!"

Mlangoni kina mama walitoka wakibishana. Mlafi ndiye Wendeli hasa, wengine walisema. Hata kidogo, hana mama. Bwana Soud alisimama amekunja mikono, hamtazami Mfaume.

"Usimwondoe," Bi Kuluthumu alimwambia. "Tumeona vizuri alipoketi. Mpe kiti."

"Kiti?"

"Akikaa hatatangulia."

Bwana Soud akakitoa kiti cha ofisini mwake mwenyewe, akakibwaga kando ya kitambaa. "Onyesho la wanaume. Hili tu, nione."

Saa kumi na moja Mfaume alikaa. Mikono aliibana mapajani. Daktari akaingia na mkoba wake.

"Fundi, vipi, umelala?" mtu akapaza sauti.

Aliinuka nusu, akaketi tena. Daktari akafungua kinywa, na Mfaume akamngoja amalize.