Sahani ya Aliyechukuliwa

Wako watakaosema nilisinzia mbele ya kompyuta. Waseme. Nilikuwa macho, mchana kweupe, mvua inapiga mabati, hapa hapa mjini Kindu, Kongo, katika komini, yaani wilaya, ya Kasuku. Haya yalinipata mimi mwenyewe, si jirani wala binamu wa jirani.

Natengeneza michezo ya simu. Usicheke, ni kazi, ingawa mama yangu huiita kuchezea masanduku. Wakati huo nilikuwa naunda mchezo kuhusu miaka ya vita, na mandhari yake ya kwanza ilikuwa nyumba ya mama: mlango, kinu, mkeka, sufuria, na mama mwenyewe ameketi kwenye kigoda. Pamoja na sahani moja ya bati.

Sahani hiyo lazima nikueleze. Kwetu, mtu akiwa safarini chakula chake hutengwa. Kaka yangu Ramazani, akiwa kijana mdogo, alichukuliwa na watu wenye bunduki awabebee mizigo, mimi nikiwa bado nabebwa mgongoni. Sura yake siijui, na picha hatuna. Tangu hapo kila jioni mama alimtengea wali katika sahani hiyo, akaufunika, akauweka nyuma ya mlango. Asubuhi wali ule ukaliwa na kuku. Na kwa ajili ya sahani hiyo alikataa katakata kuhamia kwangu, ingawa korongo la mmomonyoko lilikuwa limefika nyuma ya chumba chake na ukuta una ufa unaopitisha mkono. Nilimbembeleza, nikalia, nikanuna. Jibu lilikuwa lilelile: "Ramazani akirudi, atakuta nani?" Kila wingu likitanda, nauwazia ukuta ule.

Basi siku hiyo mandhari yangu ilikuwa imevurugika. Katika orodha ya vitu ya programu hizi unaweka kitu chini ya kingine, ili cha juu kikisogezwa, cha chini kifuate. Mimi nilivitupa ovyo. Nikisogeza nyumba, sufuria zinabaki zinaelea hewani. Nikaiagiza akili bandia ivipange upya. Unaiandikia maneno tu, inapanga. Ilipanga vizuri, ila sahani ikaitia jikoni pamoja na sufuria. Itajuaje, maskini? Nikaitoa, nikaiweka chini ya mlango.

"Hodi, dada. Mvua iko nyingi."

Kijana alikuwa amesimama barazani, ndevu bado hazijamtoka vizuri. Nikamkaribisha ndani, nikampa kiti. Nilikuwa na wali na sombe, yaani kisamvu, nikampakulia. Mgeni njoo, mwenyeji apone, si ndivyo tusemavyo? Alikula kwa njaa ya kweli, mpaka akakomba sahani kwa kidole. Niamini, hapo ndipo nilipoona shati lake ni kavu kabisa. Nikajiambia labda ameacha mwavuli nje.

Akanawa, akasogea kutazama kompyuta. Alitazama muda mrefu.

"Ile sahani ya ku mulango, njo ya nani?"

"Ya yaya wangu, kaka yangu mukubwa. Alipotea mu vita."

"Uitoshe pale, mudogo wangu. Uiweke chini ya mama."

Nilicheka. Mudogo wangu! Kijana ambaye ningeweza kumtuma dukani? Lakini yeye hakucheka.

"Nyumba ikianguka, sahani inaanguka nayo," akasema. "Mama akihama, inabakia ku mulango. Njo vile unataka? Fasi mama iko, njo fasi mwana atakulaka."

Yaani mama alipo, ndipo mwana atakapopata chakula. Nikaiburuta chini ya mama, kumridhisha tu. Nikamsogeza mama kidogo, sahani ikamfuata. Kijana akashusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo. Akasema aksanti, akatoka nje, kwenye mvua ileile. Nikamfuata mlangoni nimwite. Njia tupu! Na kwenye tope la uwanja hapakuwa na unyayo hata mmoja. Nikaketi pale pale.

Ndipo nilipoelewa nimemlisha nani.

Nilichukua pikipiki mpaka kwa mama, nimelowa chapachapa, nikamweleza yote. Unadhani aliniuliza sura yake? Au amepita wapi? Hapana. Aliuliza neno moja tu.

"Alikula?"

"Alikula, mama. Wali na sombe. Alikomba sahani yote."

Akajifunika uso kwa kitenge, akalia, nami nikamkumbatia, nikalia naye. Nilimpenda siku ile kuliko siku zote. Kisha akajipangusa.

"Basi funga vyombo, mwanangu. Twende kwako."

Ukuta ulianguka msimu uleule wa mvua, juu ya mahali kilipokuwa kitanda chake. Mama yuko kwangu mpaka leo, mzima, na kunituma hachoki. Wali bado anatenga, ila sasa anauweka ubavuni pake, na nyakati nyingine namsikia akimwomba Ramazani samahani kwa chumvi kuzidi. Na ile akili bandia? Nilichukua nakala ya zamani ya mandhari, ya kabla ya siku ile, nikaiagiza ipange upya tangu mwanzo. Kila kitu inakipeleka inakotaka yenyewe, lakini sahani inaiweka chini ya mama. Rafiki yangu mjuzi wa mashine ana maelezo yake marefu. Namwacha ajisemee.

Wewe unayenisikiliza, akija mgeni wa mvua, hata shati lake likiwa kavu, hata akikuita mdogo wake, usiharakishe kumuuliza jina. Mpakulie kwanza. Huenda mahali fulani yuko mama atakayetaka kujua kama mwanawe alikula, na wewe ndiye utakayeulizwa.