Kuomba Pumzi kwa Mama Mkwe

Inatangazwa kwa wakazi wote wa Masumbwe, kwa wachimbaji wa Geita nzima, kwa mbuzi wanaolala katikati ya barabara na kwa kila mwenye simu ambayo kioo chake kimepasuka kidogo tu, kwamba wilaya yetu imeingia rasmi katika zama za teknolojia. Aliyetuingiza si profesa wala mheshimiwa mwenye msafara. Ni Vumilia binti Masalu, fundi nguo, mwenye kibaraza kimoja, cherehani moja ya kukanyaga, na mume mmoja ambaye siku hizi hupatikana kwenye simu tu, tena kwa kubahatisha. Walioketi wasimame. Waliosimama wavue kofia.

Tukishavua, tuseme ukweli: Vumilia hakuwa na haja na teknolojia. Alitaka kujua mumewe anakwenda wapi.

Davis alikuwa mchimbaji wa duara, yaani lile shimo ambalo mtu mzima mwenye akili zake huteremka kwa kamba akitafuta dhahabu, na asipoipata kesho yake huteremka tena. Akirudi nyumbani, Vumilia alimuuliza huko chini kukoje. Davis alijibu, "Giza." Akiulizwa na kesho, "Giza." Mwanamke huwezi kujenga ndoa juu ya neno moja. Basi Vumilia akachukua maboksi ya sabuni, akayakata kadi, akachora duara jinsi alivyoliwaza: kamba, magogo ya kuzuia kifusi, maji, pumzi. Akazitandaza kwenye mkeka mbele ya mumewe kama mganga.

Davis alizitazama, akacheka. Kisha akaanza kukosoa.

"Aa-aa, maji hayaji kutoka juu, mama. Yanakuja ubavuni. Tena kabla hayajaja unayasikia."

"Yanasemaje?"

"Kama mtu anakunywa uji chumba cha pili."

Jioni ile Vumilia alijua mengi kuliko aliyoyajua tangu afunge ndoa. Kila alipochora vibaya, Davis alifungua mdomo. Naye, mjanja huyo, akawa anachora vibaya makusudi.

Mchezo ukakomaa, wakauita Tutoke Wote. Hauna mshindi. Wachezaji wote wako chini ya duara. Wanatoka wote au wanafukiwa wote. Anayeishiwa pumzi anapewa na aliye karibu naye, lakini sharti aombe mwenyewe, kwa kinywa chake. Sheria hiyo aliiweka Davis.

"Kwa nini asipewe tu, kama anaonekana?" aliuliza Vumilia.

"Kwa sababu kule chini wanaume wanakufa kwa kuona haya," alisema Davis, akageukia chai yake.

Wachezaji walikuwa wanne. Davis na Vumilia. Euphrasia, jirani muuza vitumbua, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Na Mariana, mama mzazi wa Vumilia, aliyehamia kwenye kijumba cha uani baada ya nyumba yake kuanguka wakati wa mvua za masika. Hapo ndipo palipohitaji ufundi. Mkwe na mama mkwe, kwa Wasukuma, hawatazamani, hawali pamoja, wala hawatajani majina. Si chuki. Ni heshima iliyopikwa mpaka ikaungua kidogo chini ya sufuria. Kwa hiyo Davis alicheza kibarazani, Mariana akacheza ndani nyuma ya pazia, na Vumilia akakaa mlangoni akipitisha kadi na maneno.

"Mwambie wa ndani naomba gogo."

"Mama, anaomba gogo."

"Mwambie nimesikia, mimi si kiziwi."

Pazia lilikuwa la khanga nyembamba. Kila mtu alisikia kila kitu. Hakuna aliyeona ajabu.

Kisha dhahabu ikaita kutoka Rwamgasa, na dhahabu ikiita, Davis haulizi mara mbili. Mwanzoni alipiga simu kila jioni. Baadaye Jumapili kwa Jumapili. Baadaye mtandao ukawa unasumbua, mtandao huohuo ambao haukuwasumbua watu wengine waliokuwa Rwamgasa. Akipiga, mazungumzo yalikuwa: hamjambo, hatujambo, haya. Neno "giza" lilikuwa limerudi kwa sura nyingine. Vumilia alishona sare za shule huku akiwaza wanawake aliowajua, ambao waume zao walififia hivihivi, bila ugomvi, kama rangi ya kitambaa juani. Hakuogopa mwanamke mwingine. Aliogopa "haya".

Hapo ndipo alipotokea Rohit.

Rohit ni mtoto wa duka la mzee Pranlal, Kahama, wanakouza nyuzi na zipu. Alisomea kompyuta, na Kisukuma chake kinawatia aibu vijana wa Kisukuma. Alileta nyuzi Masumbwe, akaona kadi za maboksi juu ya cherehani, akauliza, akaelezwa, akashika kichwa.

"Mayu, mama! Hii ni bidhaa! Hii tunaiweka kwenye simu!"

"Mtu aliye Rwamgasa anaweza kucheza?"

"Hata aliye China!"

"Wa China simjui," alisema Vumilia. "Rwamgasa."

Rohit alirudi na kazi yake ikiwa imepambwa kama bibi harusi. Kulikuwa na saa inayohesabu kurudi nyuma. Kulikuwa na tarumbeta. Kulikuwa na nyota kwa mchezaji atakayetoka wa kwanza.

"Atatokaje wa kwanza?" Vumilia aliuliza.

"Watu wanapenda kushinda, mayu."

"Anayetoka peke yake akawaacha wenzake anaitwa mshindi? Kwenu huko Kahama?"

Rohit alifuta nyota, akinung'unika kuhusu soko. Tarumbeta akagoma kuifuta. Alisema ilimkeshesha.

Siku ya majaribio, baada ya alasiri, Vumilia aliketi kibarazani na simu yake, Euphrasia na yake, Mariana akaenda nyuma ya pazia na simu ya Rohit. Davis akaingia kutoka Rwamgasa. Sauti yake ilipotoka kwenye zile simu zote, Vumilia alijikuta amekaa sawa na kufunga vizuri kilemba, kana kwamba anaonekana.

Wakaanza. Davis alikuwa yuleyule. "Euphrasia, hayo magogo unayakalia kama mayai, utatotoa lini?" Euphrasia akamjibu kuwa wachimbaji wa Rwamgasa wamekonda mpaka wanapita kwenye tundu la sindano. Walicheka. Maji yaliingia ubavuni, kama inavyotakiwa. Kisha Davis akaishiwa pumzi, na simu zote nne zikaandika kwa herufi nyekundu:

DAVIS, OMBA PUMZI KWA MARIANA.

Kosa la Rohit lilikuwa dogo kama mbegu ya mchicha: kompyuta iliwapanga kwa jinsi walivyoingia, ikamkalisha mkwe bega kwa bega na mama mkwe, ikamtaja mama wa watu kwa jina tupu mbele ya mume wa binti yake, na ikamwagiza mwanamume amwombe ana kwa ana. Saa ikaanza kuhesabu.

"Mtandao umekata," alisema Rohit.

"Haujakata," alisema Euphrasia, kwa mara ya kwanza maishani akinong'ona.

Walimsikia Davis akihema. Nyuma ya pazia Mariana naye hakutikisika. Kompyuta ilikuwa imemvua nguo za heshima, naye akasubiri aibu ipite. Saa ikafika sifuri. Tarumbeta ikalia kwa huzuni. WOTE MMEFUKIWA.

Wakarudia. Wakafukiwa tena, palepale. Mara ya tatu Davis alisema, "Nina kazi huku. Chezeni tu," akatoka. Akaacha kupokea simu. Siku zikapita, hata "haya" ikawa haipatikani.

Vumilia aliona lililotokea. Alitaka kumrudisha mumewe mkekani, na yeye mwenyewe ndiye aliyemfukuza.

"Lakini hawaonani!" Rohit alilalamika, akizunguka cherehani. "Mmoja yuko Masumbwe, mwingine Rwamgasa! Kuna wilaya nzima katikati!"

Sauti ikatoka nyuma ya pazia. "Vumilia, mwambie kijana mkwe ni mkwe, hata akiwa mwezini."

"Nimesikia, mama," alisema Rohit.

"Mwambie sikusema naye."

Rohit akaketi juu ya robota la vitambaa. Kisha akaanza kucheka taratibu.

"Bibi yangu Dhanbai," alisema. "Ana miaka themanini na kitu. Kaka wa marehemu babu akija nyumbani, bibi akisikia viatu vyake tu, anavuta sari mpaka kidevuni. Mzee mwenyewe haoni! Ni kipofu kabisa! Bibi anajifunika mbele ya kipofu." Alitikisa kichwa. "Na mimi ndiye huwa nawapitishia maneno. Tangu mdogo. Mwambie chai tayari. Mwambie sukari imezidi."

"Basi unalijua pazia," alisema Vumilia.

"Nalijua. Sikudhani ni sehemu ya mchezo."

"Mimi nilikuwa nakaa wapi, Rohit? Siku zote nilikuwa nakaa mlangoni. Kwenye simu umeniweka wapi?"

Rohit alifungua kompyuta yake. Alikuwa amemweka Vumilia pembeni, akishika magogo.

Akakaa Masumbwe akila vitumbua vya Euphrasia na kubomoa alichojenga. Jina la Mariana likatoka, badala yake ikaandikwa Wa Ndani. Mchezaji akawa anaweza kuomba kupitia mwenzake, na wakati ombi liko njiani saa inasimama. Akapendekeza, kwa haki na usawa, kwamba anayepitisha apunguziwe pumzi kidogo, maana kazi ni kazi.

Vumilia alifikiri, uzi mdomoni. "Ni kweli inachosha," alisema. "Lakini usinipunguzie."

Ilibaki kumrudisha Davis. Hakumbembeleza. Alimtumia ujumbe wa sauti, maneno matatu: "Nimerudi kukaa mlangoni." Halafu akashona suruali ya watu mguu mmoja mrefu kuliko mwenzake, kwa kusubiri.

Davis akaingia jua likiwa limeanza kupoa. Hakuna aliyemuuliza alikuwa wapi. Euphrasia alifungua mdomo, Vumilia akamkanyaga mguu. Walicheza kwa adabu kama watu waliobeba mayai. Ubavuni pakalia maji. Na Davis, kama aliyeandikiwa, akaishiwa pumzi.

Wakasubiri. Upande wa Rwamgasa karasha zilisaga mawe. Davis akakohoa, kikohozi kirefu, kikavu, kilichoanza kifuani na kumalizikia mbali. Kisha:

"Vumilia."

"Abee."

"Mwambie wa ndani... naomba pumzi."

Mariana alikuwa na simu sikioni, amelisikia kila neno. Hata hivyo Vumilia aligeuka, akaisogelea khanga, akasema, "Mama, mkweo anaomba pumzi."

"Mwambie achukue mbili."

"Anasema chukua mbili."

"Mwambie," Mariana aliendelea, na hapo sauti ikabadilika, haikuwa tena ya mchezo, "kikohozi hicho nimekisikia. Ni cha vumbi la mawe. Mwambie baba yake Vumilia alianza hivyohivyo, akasema ni mafua. Mwambie aje apimwe hospitali huku tuko naye. Sitaki kumzika mkwe ambaye sijawahi kumtazama."

Vumilia alirudisha maneno yote, moja baada ya jingine, bila kupunguza. Rohit alikuwa akitazama kucha zake. Euphrasia alikuwa akilia wazi wazi na kujifutia kwa mfuko wa unga.

Saa ya mchezo ilikuwa imesimama.

"Mwambie nimesikia," alisema Davis. "Mwambie na mimi naogopa. Jumamosi nakuja."

Wakatoka wote. Tarumbeta ikalia kwa furaha, mbaya kupita ile ya huzuni, na kuku wakatawanyika.

Rohit akasimama juu ya robota. Macho yalikuwa yamemlowa, na macho ya kijana wa teknolojia yakilowa, hotuba haiko mbali. Alisema leo mila na kompyuta zimepeana mikono. Alisema umbali umeshindwa. Alisema, kwa unyenyekevu mkubwa, kwamba dunia nzima italijua pazia la Masumbwe. Akaelekeza simu usoni kwa Vumilia ili arekodi neno lake la kwanza kwa watumiaji wote wa Tutoke Wote, popote walipo.

"Mayu, waambie. Kwa maneno yako mwenyewe. Umeionaje?"

Vumilia alivuta pumzi, akaitazama simu yake, akaipindua kuangalia upande wa pili.

"Inamaliza bando," alisema.