Kinga Niliyoificha

Vijana wa Busale niliwafundisha kila kitu cha kupigana kwa fimbo, isipokuwa kinga moja. Nalisema hili mapema ili mtu asije akanionea huruma.

Ilikuwa desturi ya walimu wetu. Aliyenifundisha mimi naye aliificha, akanipa alipokuwa hoi kitandani, hawezi hata kujigeuza. Mwalimu akitoa yote, alisema, nani atamheshimu tena? Nikaona ana akili. Kusema kweli kilikuwa kiburi tu. Nilipenda kuwaangusha vijana walionizidi nguvu, kisha wainuke wakijipangusa vumbi na kuniambia, "Ndaga, tata," yaani asante, baba.

Miaka ile Wajerumani walikuwa wamekataza mikuki, kwa hiyo wanaume walicheza ngoma ya msibani wakiwa na fimbo. Ngoma ile ni ya kurukaruka na kutunishiana vifua, na mara nyingi huishia kwenye ugomvi. Siku ya mazishi ya jirani yetu, mgeni kutoka ng'ambo ya mto alimkanyaga mwanafunzi wangu aliyekuwa bora kuliko wote, na fimbo zikaanza kulia. Wangu alikuwa anashinda. Mara mgeni akaishusha fimbo, kisha akaipandisha ghafla kutoka chini, ikamlenga kiganja. Pigo hilo huzuiwa na kinga ile niliyoificha, si nyingine. Kijana alijikinga kama nilivyomfundisha, na mafunzo yangu hayakutosha. Nilisikia mfupa ukivunjika.

Nikakimbilia kuamua. Mgeni, hasira zimempanda, akanigeukia na pigo lilelile. Mkono wangu ukajibu wenyewe: nusu hatua nyuma, kifundo cha mkono kikageuka, fimbo yake ikarukia migombani. Watu wakanishangilia. Mwanafunzi wangu alikuwa chini, ameushika mkono wake, ananitazama. Hakulia. Afadhali angelia.

Mkono ulipona vibaya, vidole vitatu havikukunjika tena. Kwetu wanaume ndio washika jembe, naye alikuwa ameoa mwaka uleule. Nilipopita karibu na shamba lake nikamwona mkewe analima peke yake, nilishika njia nyingine. Niliona haya, na nilijichukia.

Mwishowe nikawaita wanafunzi wote uwanjani kwangu asubuhi moja. Yule aliyevunjika mkono naye akaja, akakaa juu ya gogo. Nikawaonyesha ile kinga. Nikairudia mara tatu, mara nne, na umande ulikuwa haujakauka walipokuwa wote wameishika. Wakasema ndaga, wakaondoka wakitaniana.

Yeye alibaki. Akainuka, akachukua fimbo yangu kwa mkono wa kushoto, akarudi nusu hatua nyuma, akageuza kifundo. Hakukosea hata kidogo.

"Kumbe ni kitu kidogo hivi, tata," akasema, akanirudishia fimbo.