Mikono Minne kwenye Ndoo Moja

Mwanangu, jana uliponionyesha kwenye simu ile katuni yako, yule bibi aliyepiga magoti akimshukuru jirani, nilikurudishia simu mara moja, ukadhani sikuipenda. Niliipenda. Ila ilinirudisha kwenye siku moja ya kiangazi kule Kitangari, mimi na boksi langu la sabuni.

Zilikuwa enzi za ruksa, biashara zimeachiwa huru. Mitumba imejaa Masasi, Newala mjini limefunguliwa banda la video, na sisi vijana tumechanganyikiwa na karate. Nami nikatengeneza sinema yangu ya karatasi. Nilikata dirisha kwenye boksi, nikagundisha karatasi kwa uji wa muhogo zikawa mkanda mrefu, nikauviringisha kwenye vijiti. Nikizungusha kijiti, picha zinapita. Mikono ya watu niliikata kutoka kwenye kadibodi. Nikivuta uzi, inanyanyuka. Watu walinihadithia wema waliotendewa, nami nawachorea.

Akaja Mama Issa. Jirani yake, Mama Somoe, alikuwa mtu mzima sasa, na mwanawe alikuwa anakuja kumhamishia Lisekese, kule Masasi. Mama Issa alitaka kumshukuru mbele ya watu kabla hajaondoka. Zamani, Mama Issa alipofiwa na mtoto wake wa kwanza, alishuka bondeni peke yake kuteka maji, akajaza ndoo, akakosa wa kumtwisha, na ndoo iliyojaa si rahisi kujiwekea kichwani mwenyewe. Mama Somoe alikuwa ameshapanda mlima na ndoo yake. Aliitua juu ya jiwe refu, akarudi chini, akamtwisha.

"Nichoree hayo tu, baba. Usinizidishie," aliniambia.

Hayo tu! Mimi mtu wa video niliona hayatoshi. Nikamchora Mama Issa amelala topeni, nguo zimechanika, mikono juu anaomba. Mama Somoe nikamfanya mkubwa hadi akajaza karatasi nzima.

Siku ya kuonyesha, uwanja wa Mama Somoe ulijaa watu. Nilipovuta uzi, Mama Issa wa karatasi akapunga mikono pale topeni, watoto wakaangua kicheko, na wakubwa nao wakafuata. Mama Issa mwenyewe akajifunika uso kwa kanga, akainuka aondoke. Shukrani aliyoitunza miaka yote ile ilikuwa inageuka aibu mikononi mwangu.

"Simamisha hiyo sinema," alisema Mama Somoe, bila kupaza sauti. "Wewe umewahi kutwishwa?"

"Hapana, mama. Mimi maji nabeba kwa baiskeli."

"Ndiyo maana. Huyu hakulala topeni. Alisimama na ndoo yake mbele, kama tunavyosimama sote. Ukimchora hivyo, kesho nani atathubutu kusema nitwishe?"

Kisha akaagiza iletwe ndoo ya maji, imejaa. Kiangazi kile, ndoo nzima! Akasimama mbele ya ndoo, akaita, "Mama Issa, njoo unitwishe."

Mama Issa alirudi. Waliinama pamoja, mikono minne kwenye ndoo moja, nyuso zimekaribiana, wakainyanyua. Ilipotulia kichwani kwa yule mzee, Mama Issa akasema, "Ahsante, Mama Somoe." Hakuna aliyecheka. Mimi nilitokwa machozi mbele ya vijana wenzangu, na wala sikujificha.

Gari lilipokuja kumchukua, nilimpa Mama Somoe karatasi mpya. Wanawake wawili, kimo kimoja, ndoo katikati. Aliitazama weee, akaikunja, akaitia kwenye pindo la kanga. "Sasa umetuchora," alisema.

Basi mwanangu, unapochora shukrani ya mtu, usimshushe anayeshukuru ili anayeshukuriwa aonekane mrefu. Anayepokea naye alikuwa amesimama. Usipomchora hivyo, utawafundisha watu kuogopa kusaidiwa. Rudi kwa yule bibi aliyekusimulia kisa cha katuni yako, msalimie, umuulize kama kweli alipiga magoti.

Mungu akujalie mkono mwepesi na jicho la huruma. Na siku ndoo yako itakapokushinda, asikose wa kukutwisha.